Seva imekufa, bakapu ipo, mashine mpya ni ya aina nyingine: namna ya kuirejesha Linux ikawaka

Mleta mada

Wakuu, salaam. Swali hili hurudi hapa kila mara kwa sura tofauti: mtu ana bakapu nzima ya seva yake ya Linux, mashine ya zamani imeungua au vipuri vyake havipatikani tena, amenunua mashine ya kampuni nyingine, amefungua bakapu juu ya diski mpya bila hitilafu yoyote, kisha seva inagoma kuwaka. Majibu huja vipande vipande, huyu akiilaumu GRUB (programu inayoiwasha Linux) na yule akiilaumu keneli (kiini cha mfumo), na mwenye shida huishia kusakinisha kila kitu upya huku bosi amesimama nyuma ya kiti chake. Naomba niyaweke mambo haya mahali pamoja, na wenye uzoefu wa mifumo mingine waongezee.

Mfano nitakaoutumia ni seva ya Debian 11 ya duka la jumla la dawa. Ilikuwa inaendesha PostgreSQL 13 (kanzidata), Samba (ya kushirikiana mafaili) na programu ya mauzo, juu ya mashine kongwe yenye BIOS (programu ya mazabodi inayoanzisha uwashaji), prosesa ya Intel na diski mbili za SATA zilizounganishwa kwa RAID 1 ya mdadm, yaani kila diski ni nakala ya mwenzake na Linux yenyewe ndiyo inayozisimamia. Umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, ukaondoka na pawasaplai, mazabodi na diski zote mbili. Kilichobaki ni diski ya nje yenye faili la tar la kila usiku (mafaili yote ya seva yaliyofungwa pamoja) na faili la pg_dumpall (dampo la kanzidata zote za PostgreSQL). Mashine iliyopatikana ina UEFI (mrithi wa BIOS), prosesa ya AMD na diski mbili za NVMe, yaani hakuna hata kipuri kimoja kinachofanana na cha zamani.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachokwamisha, kwa sababu wengi hudhani ni draiva, kama walivyozoea kwenye Windows. Keneli ya Debian hubeba draiva za vifaa vingi mno kama moduli ndani ya /lib/modules, na kila inapowaka huchunguza upya vifaa vilivyopo na kuziita moduli zinazohusika. Haitunzi kumbukumbu ya mazabodi ya jana. Tatizo ni kwamba moduli hizo zimo ndani ya diski, na diski yenyewe haisomeki mpaka moduli ya diski iwe imeshapakiwa. Fundo hilo hufunguliwa na initramfs, ule mfumo mdogo wa mafaili ambao GRUB huupakia kwenye memori pamoja na keneli, ukiwa na moduli za kutosha tu kuifikia diski kuu. Debian kwa kawaida huweka MODULES=most katika /etc/initramfs-tools/initramfs.conf, na hapo initramfs hubeba moduli za diski za aina nyingi, NVMe ikiwemo. Lakini kama aliyesakinisha seva alichagua MODULES=dep ili kubana nafasi ya /boot, initramfs ile ilijengwa kwa vifaa vya mashine ya zamani peke yake, nayo kwenye mashine mpya itakuacha ndani ya ganda la BusyBox (sehemu ndogo ya kuandikia amri) na ujumbe wa ALERT! unaosema UUID fulani (namba ya utambulisho ya mfumo wa mafaili) haipo, ilhali diski unaiona kwa macho imechomekwa.

Ukiacha hilo, kumbukeni kwamba tar hubeba mafaili tu. Haibebi jedwali la patisheni, haibebi kipande cha GRUB kilichoandikwa mwanzoni mwa diski, wala haibebi UUID za mifumo ya mafaili, ingawa mafaili yaliyomo ndani yake yanaendelea kuzitaja UUID hizo kana kwamba bado zipo. Kwa hiyo kazi ni mbili: kuvijenga vile visivyobebwa, na kuyarekebisha mafaili machache yanayoikumbuka mashine ya zamani. Yote mawili hufanywa kabla ya kuiwasha seva kwa mara ya kwanza.

Anza kwa flashi ya uokoaji. Napenda kutumia Debian Live ya toleo lile lile la seva, na sababu yake si mazoea. Ukitumia flashi mpya sana, mkfs.ext4 iliyomo inaweza kuutengeneza mfumo wa mafaili wenye sifa ambazo programu za zamani za seva yako hazizielewi. Toleo la 1.47 la e2fsprogs, la mwaka 2023, lilianza kuiwasha sifa ya metadata_csum_seed bila kuombwa, isipokuwa pale msambazaji alipoamua vingine, na GRUB 2.06 ikikutana nayo husema tu kwamba haiujui mfumo huo wa mafaili. Ukilazimika kutumia flashi mpya, taja wazi usichokitaka (hapa /dev/md0 ni ile RAID mpya nitakayoieleza hapo chini):

mkfs.ext4 -O ^metadata_csum_seed,^orphan_file /dev/md0

Hakikisha pia flashi imewaka kwa njia ya UEFI. Ukiandika ls /sys/firmware/efi na saraka hiyo ikakosekana, umeingia kwa njia ya BIOS, na GRUB haitaweza kujiandikisha kwenye kumbukumbu ya mazabodi. Ingia tena kwenye menyu ya kuchagua kifaa cha kuwashia, uchague flashi yenye neno UEFI mbele yake. Secure Boot izime kwa sasa. Utairudisha seva ikishasimama.

Patisheni ziwe za GPT, jedwali la patisheni linaloendana na UEFI. Kila diski ya NVMe ipewe patisheni ndogo ya EFI ya FAT32, MB 512 zinatosha, na nafasi iliyobaki iende kwenye RAID 1. Usiiweke patisheni ya EFI ndani ya RAID kwa pupa, kwa maana mazabodi haijui chochote kuhusu mdadm. Ni salama zaidi kuwa na patisheni ya EFI katika kila diski na kuisakinisha GRUB kwenye zote mbili, ili diski moja ikifa nyingine iweze kuwaka.

Sasa pachika /dev/md0 kwenye /mnt, kisha uifungue bakapu, hatua ambayo huharibu mambo kimya kimya:

tar --numeric-owner --acls --xattrs --xattrs-include='*' -xpf /media/nje/seva.tar -C /mnt

Neno --numeric-owner msilipite haraka. Ndani ya faili la tar kila faili limeandikiwa mmiliki wake kwa jina na kwa namba, na tar ikifungua kama root hulitazama jina kwanza. Jina hilo hutafutwa katika /etc/passwd na /etc/group za flashi, si za seva. Debian huwapa watumiaji wa mfumo namba kuanzia 100 kwa kufuata mpangilio wa vifurushi vilivyosakinishwa, hivyo kundi la messagebus linaweza kuwa namba hii kwenye flashi na namba nyingine kwenye seva. Tazama faili la /usr/lib/dbus-1.0/dbus-daemon-launch-helper: linamilikiwa na root, kundi lake ni messagebus, na lina ruhusa ya setuid, yaani huendeshwa kwa mamlaka ya mmiliki wake. Likirejeshwa kwa namba ya kundi ya flashi, seva ikiwaka litakuwa mali ya kundi jingine kabisa, ambalo huenda ni la huduma isiyostahili kuligusa. Hutaona ujumbe wowote wakati wa kufungua. Utakuja kuona huduma moja haianzi, kesho nyingine, na hutakumbuka kuihusisha na tar.

Kuhusu --xattrs, humo ndimo huhifadhiwa uwezo maalumu wa programu, kwa mfano ule unaomruhusu mtumiaji wa kawaida kutumia ping bila kuwa root. Lakini ikiwa bakapu haikutengenezwa kwa --xattrs tangu mwanzo, kuiweka wakati wa kufungua hakuleti kitu. Hapo utasakinisha upya vifurushi husika kwa apt install --reinstall.

Saraka za /proc, /sys, /dev, /run na /tmp kwa kawaida huachwa nje ya bakapu. Ziundwe upya zikiwa tupu, na /tmp ipewe chmod 1777. Kisha ingia ndani ya mfumo uliorejeshwa:

mkdir -p /mnt/boot/efi
mount /dev/nvme0n1p1 /mnt/boot/efi
for d in dev proc sys run; do mount --rbind /$d /mnt/$d; done
chroot /mnt /bin/bash

Nimetumia --rbind badala ya --bind kwa makusudi, kwa sababu --bind huileta /sys pasipo efivars (mahali Linux inapoifikia kumbukumbu ya UEFI) iliyopachikwa ndani yake, na bila efivars programu ya efibootmgr haiwezi kuandika chochote.

Ukiwa ndani ya chroot, anza na /etc/fstab. Andika blkid, chukua UUID mpya za mfumo mkuu na za swap (nafasi ya diski inayoisaidia memori), uziweke mahali pa zile za zamani, na uongeze mstari wa patisheni ya EFI, ambao seva ya BIOS haikuwa nao. Mstari wowote wa diski ambayo haipo tena ufute, au uuwekee nofail; usipofanya hivyo systemd itaingoja diski hiyo kwa sekunde 90 na baadaye itakutupa kwenye hali ya dharura ikikudai nywila ya root. Kisha andika mdadm --detail --scan na uweke matokeo yake ndani ya /etc/mdadm/mdadm.conf badala ya mistari ya ARRAY ya zamani. Kuna na faili moja dogo linalosahaulika, /etc/initramfs-tools/conf.d/resume, linalotaja UUID ya swap kwa ajili ya kuamka kutoka usingizini. Likibaki na UUID ya zamani seva itawaka, lakini kila mara itasimama kwanza ikisubiri kifaa kisichokuwepo, na watu watasema mashine mpya ni nzito.

Sasa vifurushi. Seva ya BIOS ilikuwa na grub-pc. Hii inahitaji grub-efi-amd64. Kwa kuwa prosesa imebadilika, ongeza amd64-microcode (marekebisho ya ndani ya prosesa za AMD), ambayo kwenye Debian 11 imo katika sehemu ya non-free. Kisha:

update-initramfs -u -k all
grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi --bootloader-id=debian --force-extra-removable
update-grub

Amri ya kwanza ije baada ya kurekebisha mdadm.conf na resume, kwa maana mafaili hayo hunakiliwa ndani ya initramfs. Kuhusu --force-extra-removable, hiyo huweka nakala ya GRUB kwenye EFI/BOOT/BOOTX64.EFI, mahali ambapo mazabodi hutazama endapo orodha yake ya mifumo imefutika, na kwa mashine zetu zinazokatikiwa umeme hadi betri ya CMOS inakufa, naiona ni lazima. Kwa diski ya pili, pachika patisheni yake ya EFI mahali hapo hapo na urudie grub-install.

Mtandao nauacha mwisho kwa sababu hauzuii kuwaka. Tangu systemd 197 ya mwaka 2013, majina kama enp2s0 hutokana na mahali kadi ilipochomekwa kwenye basi ya PCI, kwa hiyo mazabodi mpya huleta jina jipya, tuseme enp5s0. Usiishie kwenye /etc/network/interfaces. Andika grep -rn enp2s0 /etc na utalikuta jina hilo kwenye kanuni za ukuta wa moto, kwenye mipangilio ya DHCP, pengine na kwenye mstari wa interfaces wa smb.conf. Ukuta wa moto wenye jina la kadi isiyokuwepo haulalamiki; kanuni zake hazimgusi mtu yeyote, basi.

Kabla ya kuiwasha, chomoa kebo ya mtandao. Ikiwaka, angalia tarehe kwa timedatectl, kwa kuwa mashine iliyokuwa na Windows huitunza saa ya mazabodi kwa saa za kwetu, na Linux ikiichukulia kuwa ni UTC unajikuta saa tatu mbele, risiti zote za mauzo zikiwa na saa za uongo. Ndipo uchomeke kebo.

Mchangiaji wa 1

Asante sana mkuu kwa uzi uliotulia. Nina swali juu ya PostgreSQL. Kwa kuwa tar ya usiku ilichukua /var/lib/postgresql pamoja na vingine vyote, je, si tayari kanzidata imo ndani? Hiyo pg_dumpall ni ya nini?

Mleta mada

Mkuu, imo, lakini haiaminiki. Tar husoma faili moja baada ya jingine, na PostgreSQL ilikuwa inaandika wakati huo huo, hivyo faili la kwanza ni la saa nane kamili na la mwisho ni la saa nane na dakika kadhaa. Huenda ikawaka na huenda isiwake. Kilicho kibaya zaidi ni ikiwaka ikiwa na jedwali ambalo faharasa zake hazilingani na safu zake, na mkalijua hilo baada ya mwezi. Nilichofanya ni kuuondoa mkusanyo uliokuja na tar na kuanza na mtupu:

pg_dropcluster --stop 13 main
pg_createcluster 13 main --start
su - postgres -c "psql -f /srv/dampo.sql"

Hakikisha faili la dampo linasomeka na mtumiaji postgres. Wanaotumia pg_dump ya kanzidata moja moja wakumbuke kwamba haibebi watumiaji wala nywila zao. Hizo huchukuliwa na pg_dumpall --globals-only. Bila hizo, dampo litajaa makosa ya mmiliki asiyejulikana.

Mchangiaji wa 2

Naheshimu kazi iliyofanyika, ila sikubaliani na msingi wake. Mashine ikiwa mpya kabisa, kwa nini kubeba mizigo ya miaka mitano? Sakinisha Debian mpya kwa nusu saa, rudisha /etc kwa kuchagua, rudisha /home na kanzidata, umemaliza. Njia ya mleta mada inakuachia mabaki ya grub-pc, microcode ya Intel, vifurushi vilivyokufa na mipangilio ambayo hakuna anayejua aliyeiweka. Wenye Ansible au zana kama hiyo, inayoisanidi seva kwa maelezo yaliyokwisha kuandikwa, hawahitaji hata kufikiria.

Mleta mada

Hoja yako ni ya haki, na kwa seva niliyoijenga mwenyewe na kuiandikia kumbukumbu ningefuata njia hiyo hiyo. Lakini tazama hali ya seva nyingi za huku kwetu. Programu ya mauzo iliwekwa na fundi ambaye simu yake haipatikani, ikaandikwa kwa maktaba za toleo fulani, baadhi ziko /usr/local, nyingine /opt, na kuna kazi ya cron ndani ya mtumiaji ambaye hakuna aliyejua kama yupo. Ukisakinisha upya utatumia nusu saa kwa Debian na wiki nzima kuwinda vitu hivyo, duka likiwa limesimama. Kurejesha mfumo mzima hukupa seva ile ile ikifanya yale yale, na ukishafungua duka unaweza kuijenga nyingine pembeni kwa utulivu. Kuna jambo la toleo pia. Ukihama kutoka Debian 11 kwenda 12 unahama na kutoka PostgreSQL 13 kwenda 15, na kutoka PHP 7.4 kwenda 8.2, na si kila programu huvuka salama. Mimi sipendi kubadilisha vifaa na toleo siku moja, kwa sababu kitu kikikataa hujui umkamate yupi.

Mabaki uliyoyataja ni kweli yapo. intel-microcode kwenye prosesa ya AMD haidhuru kitu na huondolewa kwa amri moja.

Mchangiaji wa 3

Niongezee kwa upande wa CentOS 7 na ndugu zake wa Red Hat, kwa kuwa hapo initramfs ndiyo mwiba wenyewe. Huko kazi hiyo hufanywa na dracut, na kwa kawaida yake dracut hujenga initramfs ya mashine iliyopo tu, hali inayoitwa hostonly. Kwa hiyo kinachotokea kwa nadra kwenye Debian, kwenye CentOS ni karibu hakika: mashine mpya yenye kontrola tofauti itaning'inia ikiandika dracut-initqueue timeout, na mwishoni itasema /dev/mapper/centos-root haipo.

Uzuri ni kwamba kisakinishi huacha kwenye menyu ya GRUB mstari mmoja wenye neno rescue, ambao initramfs yake ina moduli za vifaa vyote. Kama GRUB inawaka, chagua mstari huo, ingia, kisha andika dracut -f --regenerate-all, halafu uwashe upya kwa keneli ya kawaida. Kama haiwaki, fanya ndani ya chroot kama mleta mada alivyoonyesha, ila huko tumia dracut -f --no-hostonly ukitaja faili la initramfs na toleo la keneli ya seva, kwa maana usipotaja, dracut hulichukua toleo la keneli ya flashi na kulikosa ndani ya /lib/modules.

La pili ni SELinux, mfumo wa ulinzi unaolipa kila faili lebo. Lebo zake ziko ndani ya xattrs, na zikipotea seva inaweza kuwaka vizuri kabisa halafu ikakataa kumwingiza mtu yeyote, hata root mwenye nywila sahihi. Kabla ya kutoka kwenye chroot andika touch /.autorelabel. Uwashaji wa kwanza utachukua muda mrefu ikibandika lebo upya, na mtu asizime mashine akidhani imeganda.

Mchangiaji wa 4

Kwetu diski hazikuungua, ni mazabodi tu iliyokufa. Je, hatuwezi kuzihamisha diski zenyewe kwenye mashine mpya bila kugusa bakapu?

Mleta mada

Mnaweza, na mara nyingi ndiyo njia ya haraka kuliko zote, ila kwanza chukueni nakala ya diski hizo kabla ya kuiwasha seva kwa diski hizo kwenye mashine mpya. Ikiwa RAID ni ya mdadm, mashine yoyote ya Linux itaitambua, kwa kuwa maelezo yake yameandikwa ndani ya diski zenyewe. Ikiwa RAID ni ya kadi, hapo mtahitaji kadi ile ile au ya familia yake, maana kadi ya kampuni nyingine itaziona kama diski tupu na itawaomba ruhusa ya kuziandaa upya. Msikubali. Kama mashine mpya haina tena hali ya BIOS, mtatengeneza patisheni ya EFI, na nafasi yake mnaweza kuipata kwa kutoa swap. Yaliyobaki, yaani jina la kadi ya mtandao na initramfs, ni yale yale.

Mchangiaji wa 5

Sisi tumenunua Dell PowerEdge R710 iliyotumika. Tumerejesha Debian 11, imewaka vizuri, lakini kadi zote nne za mtandao zinaonekana kwenye lspci na hazifanyi kazi. Tumeshabadilisha majina katika interfaces.

Mchangiaji wa 3

Kadi za R710 ni za Broadcom na hutumia draiva ya bnx2, ambayo inahitaji faili la fimwea (programu ya ndani ya kadi) lisilokuja na Debian 11 ya kawaida. Andika dmesg | grep bnx2 na utaiona ikilalamika kwamba imelikosa. Pakua kifurushi cha firmware-bnx2 kwenye kompyuta nyingine, kiwekeni kwenye flashi, mkisakinishe kwa dpkg -i, kisha mtekeleze update-initramfs -u na kuwasha upya. Kuanzia Debian 12 fimwea za aina hii zilitengewa sehemu yake na zinakuja ndani ya kisakinishi, kwa hiyo wa toleo hilo hawakutani na shida hii wanaposakinisha.

Na kwa wanaonunua seva za mtumba waangalie upande wa pili pia: Red Hat Enterprise Linux 8 iliacha kuzikubali kontrola kadhaa kongwe za RAID ambazo toleo la 7 lilizikubali. Hapo bakapu yenyewe ni nzima, na mashine ni nzima, ila hawatambuani.

Mchangiaji wa 6

Nami niseme machache kuhusu FreeBSD, kwa sababu nadhani huko kazi hii ni nyepesi zaidi. Keneli ya GENERIC ina draiva nyingi za diski ndani yake yenyewe, wala hakuna initramfs ya kujenga. Bakapu ya UFS huchukuliwa kwa dump -0Lauf, ambapo herufi L hupiga picha ya mfumo wa mafaili kwanza ili usibadilike katikati, na hurejeshwa kwa newfs kisha restore -rf ukiwa ndani ya saraka mpya.

Yanayobadilika ni mawili. Jina la diski hufuata draiva, kwa hiyo ada0 ya SATA itakuwa nda0 au nvd0 kwenye NVMe, na /etc/fstab inayotaja ada0p2 itakufikisha kwenye alama ya mountroot> ambapo unaweza kuliandika jina sahihi kwa mkono, mfano ufs:/dev/nda0p2, na mfumo ukaendelea kuwaka. Wanaotumia lebo za gpt katika fstab hawakutani na hilo kabisa. La pili, kadi za mtandao nazo huitwa kwa draiva: em0 na igb0 ni za Intel, re0 ni ya Realtek, bge0 ni ya Broadcom. Mstari wa ifconfig_em0 katika /etc/rc.conf lazima ubadilishwe, na pf.conf nayo itazamwe. Kwa ZFS ni zfs send na zfs receive, na mkihamisha diski zenyewe mtahitaji zpool import -f, kwa kuwa hodhi (pool) la diski linakumbuka lilikuwa likitumiwa na mashine nyingine.

Mchangiaji wa 7

Ofisini kuna AIX (Unix ya IBM) juu ya prosesa za POWER, na uongozi unauliza kama mksysb (bakapu ya mfumo wa AIX) inaweza kurejeshwa kwenye seva ya kawaida ya Intel ili kupunguza gharama. Nimejaribu kueleza, hawaelewi.

Mleta mada

Haiwezekani, mkuu, na hapa hakuna ujanja. Programu zote zilizomo ndani ya mksysb zimeandikwa kwa lugha ya prosesa ya POWER, na prosesa ya Intel haizisomi. Ni sawa na Solaris ya prosesa za SPARC. Kinachoweza kuhama ni data: mafaili ya maandishi, madampo ya kanzidata, na programu ambazo msimbo wake mnao ili mzijenge upya. Hata data ichungwe, kwa kuwa AIX huandika namba kubwa kuanzia baiti ya mbele na Intel kuanzia ya nyuma, hivyo mafaili ya ndani ya kanzidata hayanakiliki moja kwa moja, yapitie dampo.

Ikiwa ni kutoka POWER moja kwenda POWER nyingine, hilo linawezekana, mradi toleo la AIX lililomo ndani ya mksysb linaikubali mashine mpya. Katika bosinst.data weka RECOVER_DEVICES = no ili isijaribu kurudisha vifaa vya mashine ya zamani, na ALL_DEVICES_KERNELS iwe yes tangu kabla ya kuchukua bakapu.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, la mwisho. Sina mashine ya pili ya kujaribia. Nawezaje kujua kama bakapu yangu itawaka kabla siku yenyewe haijafika?

Mleta mada

Tumia mashine pepe ya KVM kwenye kompyuta yako ya mezani. Kwa seva iliyo kwenye SATA na BIOS, mashine pepe yenye diski ya virtio na UEFI ya OVMF ni vifaa tofauti kabisa, kwa hiyo utapita hatua zote nilizoandika, kuanzia GPT mpaka jina la kadi. Moduli ya virtio_blk imo ndani ya Debian 11, na MODULES=most huiweka kwenye initramfs. Mtandao wa mashine pepe hiyo uutenge na wa ofisi, kwa sababu imebeba anwani ya IP, funguo za SSH na /etc/machine-id za seva halisi, na zikiwa hewani zote mbili watumiaji watagawanyika bila kujua nani anaandika wapi. Ikiwaka, ingiza dampo la kanzidata, fungua programu ya mauzo, na utafute ankara ya jana.

Na huko huko ndiko unaweza kuiacha ikiendesha kazi siku mashine ikifa na vipuri vinasubiriwa kutoka Dar, kama kompyuta hiyo ina memori ya kutosha.